Watunzi wa hadithi: kabla hujaiga ratiba ya mtu, angalia zile ulizozimaliza

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Wakubwa shikamooni.

Jukwaa hili lina vipaji, na lina pia hadithi nyingi zilizoishia sehemu ya tatu. Wasomaji wanaulizia mwendelezo wiki ya kwanza, wanaulizia ya pili, halafu uzi unazama na hakuna anayeukumbuka. Nimezungumza kwa ujumbe binafsi na wenye nyuzi za namna hiyo. Karibu kila mmoja ananiambia hana nidhamu, kisha anaenda kuazima nidhamu ya mtu mwingine. Kuna aliyesoma kwamba waandishi wakubwa huandika alfajiri, akaanza kuamka saa kumi, na hapo ana mtoto mchanga na kazi ya zamu. Kuna aliyeambiwa riwaya haiandikwi mpaka upange sura zote mwanzo hadi mwisho. Akapanga, mpangilio ukapendeza, na hamu ikamwisha palepale kwa sababu hadithi alishaijua yote.

Wengi wenu nidhamu mnayo. Mnakwenda kazini kila siku, mnalea, mnasoma vyuo. Kinachowakwamisha ni kuianza hadithi kwa upande ambao si wenu.

Zoezi langu ni jepesi. Chukua hadithi ulizozimaliza. Zile ulizozianza ziache kwanza. Hata kama ni mbili tu, hata kama moja ni ya kurasa tatu uliyoiandika kidato cha pili kwenye daftari la Jiografia. Usiangalie uzuri wake. Jiulize kitu kimoja: kilichokujia kwanza kabisa kilikuwa nini? Ni tukio, kwamba mtu fulani kafanya jambo na unataka kujua litaishaje? Ni mtu, umemwona na hakutoki kichwani? Ni sauti, sentensi moja imekukaa sikioni na hujui anayeisema ni nani? Ni mahali au zama? Au ni umbo, kwamba umetamani kuandika hadithi yote kwa barua, au yote ndani ya safari moja ya basi kutoka Dar hadi Mwanza?

Utashangaa, zilizokwisha mara nyingi zimeanzia upande mmoja. Na zilizokufa, ukizichunguza, mara nyingi zimeanzia kwingine, kwa sababu uliambiwa ndivyo inavyotakiwa.

Nianze na wakubwa waliotutangulia, maana ukiwasoma ukiwa na swali hili utaona walivyoachana njia.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapwa 1960, na tangu hapo mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wakawa wenyeji wetu. Hadithi ya upelelezi inadai mtunzi aujue mwisho mapema. Kidokezo cha ukurasa wa 10 kinalipwa ukurasa wa 100, na kisipolipwa msomaji anahisi ameibiwa. Mtu ambaye kichwa chake hupenda fumbo huu ndio uwanja wake, na yeye ndiye anayefaidika na mpangilio wa sura. Kwake mpangilio hauui hamu, kwa sababu raha yake ni kuficha.

Sasa mchukue Adam Shafi na riwaya yake Kuli, ya 1979. Ile inaingia bandarini Zanzibar na kuelekea kwenye mgomo wa 1948. Mgomo ulishatokea, uko katika historia, hakuna cha kuficha. Kinachotuvuta ni Rashidi, mtoto wa kuli, na namna anavyofika mahali pa kusimama na wenzake. Mtunzi wa namna hii anahitaji mambo mengine kabisa: ajue gunia linavyobebwa, kibarua kinavyogawiwa asubuhi, mshahara unavyokatwa. Ukimpa kanuni ya kuficha muuaji unampotezea muda.

Na Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) alichukua kesi. Karama amesimama mahakamani, na utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Umbo la kesi linambeba mwandishi mpaka mwisho, maana kesi ikifunguliwa lazima itolewe hukumu, na kila mjumbe ana habari yake ya kusimuliwa. Na aliandika hivyo chini ya serikali ya kikoloni, yeye mwenyewe akiwa mwajiriwa wa serikali hiyo tangu 1926, akianzia forodhani. Wanaosema huwezi kuwa mtunzi mpaka uache kazi wamwangalie huyo.

Nitaendelea jioni. Aliyefanya zoezi aweke hapa alichokiona.

---

Nyundo7

Mkuu umenigusa. Nimefanya. Hadithi zangu mbili nilizozimaliza zote zilianza na tukio, na zote nilijua mwisho kabla. Ile ninayoiandika sasa ya upelelezi nilianza bila kujua muuaji ni nani, nikisema nitamjua mbele ya safari. Niko sehemu ya 11, wasomaji kwenye maoni wameshamtaja mtu mmoja, na kusema kweli wana hoja kunizidi. Nibadilishe muuaji?

---

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Nyundo, usibadilishe kwa sababu ya maoni. Hili ni jambo kubwa kwa sisi tunaoweka hadithi sehemu kwa sehemu, na vitabu vingi vya kufundisha utunzi haviligusi kwa sababu viliandikwa kwa watu wanaochapa kitabu kizima.

Wasomaji 200 wakikisia, lazima mmoja apatie. Huyo mmoja akipatia amefurahi, ameona dalili ulizoweka zinafanya kazi. Ukimgeuzia muuaji sehemu ya 12, dalili zote za nyuma zinakuwa uongo, na msomaji wa kesho atakayeisoma mfululizo hatajua kulikuwa na maoni. Ataona tu hadithi imevunjika katikati.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa tukio, simamisha uzi wiki moja. Waambie wasomaji ukweli kwamba unaipanga, watakuheshimu. Andika sura ya mwisho sasa hivi, yote, pamoja na maelezo ya nani alifanya nini na saa ngapi. Halafu rudi sehemu ya 1 hadi ya 11 uangalie ni dalili zipi zinamwelekea huyo muuaji. Zikiwa chache una haki ya kuongeza kwenye sehemu zilizobaki. Zikiwa hakuna kabisa, basi muuaji uliyemchagua siye, na wasomaji wako wamekuonyesha aliyekuwemo ndani ya maandishi yako mwenyewe. Katika hali hiyo wafuate. Sababu iwe maandishi, siyo kelele.

---

MwanaWaLikoni

Ndugu zangu, salamu kutoka pwani ya Kenya.

Naongeza la sauti kwa kuwa mleta uzi amelitaja kwa haraka, na mimi ndilo langu. Hadithi zangu hazinijii kwa mkono, hunijia kwa mdomo. Marehemu nyanya yangu alikuwa mtambaji, na kila usiku ilikuwa Paukwa, nasi twajibu Pakawa. Alikuwa na jambo moja ambalo nimekuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Katika ngano zake kulikuwa na wimbo mfupi unaorudi kila mara, wa mtoto anayemwita mamake au wa ndege anayemtahadharisha mwindaji. Sisi tukiimba, yeye alikuwa anapumua na kupanga kinachofuata. Akiona tumechangamka anarefusha safari ya mwindaji. Akiona mdogo amesinzia anamfikisha nyumbani upesi.

Basi mimi hurekodi. Natembea ufuoni jioni, simu mkononi, nasimulia kama kwamba mtu ananisikiliza. Usiku nasikiliza na kuandika. Na kila hadithi yangu ina kitu kinachorudi, pengine ni sentensi, pengine ni swali la mhusika, kwa sababu bila hicho sauti hunipotea.

Kilichonichelewesha ni shule. Sisi kwenye insha tulifundishwa kupamba. Unapewa methali, uandike kisa kinachothibitisha methali hiyo, na alama zilienda kwa misemo. Basi kila kisa kilifunguka kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza na ndege kuimba, hata kama kisa chenyewe ni cha ajali ya matatu saa nane mchana. Walimu wetu walitupa msamiati mwingi na nawashukuru kwa hilo. Lakini mtu akitoka pale anaamini kuandika ni kutafuta maneno ambayo hayasemi. Nilihitaji muda kurudi kwenye maneno ninayoyasema.

---

MhaririMstaafu

Marahaba wanangu.

Nimefanya kazi ya uhariri miaka mingi, na nimepokea miswada ya kila aina, iliyopigwa chapa, iliyoandikwa kwa mkono, na siku hizi inayotumwa kwa simu. Mleta uzi umesema vizuri, ila naona umeionea mipango. Hadithi fupi inaweza kuandikwa na mtu anayefuata pua. Riwaya ya kurasa 250 ni jambo lingine. Nimesoma mswada ambao mama mkwe kafariki sura ya 4, na sura ya 9 anamimina chai. Nimesoma wa kijana aliyetoka Kigoma kwa treni asubuhi, akafika Dar jioni ileile. Mwandishi alikuwa na sauti nzuri sana, lakini msomaji anayeijua reli ya kati akifika hapo anafunga kitabu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasiopenda kupanga: msipange mbele, pangeni nyuma. Kila ukimaliza sura, andika pembeni mistari michache. Nani yumo, ana umri gani, ni siku gani ya wiki, nani amejua siri gani. Hii haiui hamu kwa sababu unaandika yaliyokwisha kutokea. Ukifika sura ya 15 una daftari kamili la hadithi yako, na hukulipanga hata siku moja. Waandishi niliowaona wakimaliza riwaya bila mpangilio, karibu wote walikuwa na daftari la namna hii.

Na jambo la pili. Kijana, umewaambia watu waangalie zilizokwisha. Waambie pia waangalie wanachokisoma kwa hiari yao. Mtu anayesoma riwaya za mapenzi usiku kucha halafu anajilazimisha kuandika za kisiasa ili aonekane mzito, mswada wake naujua ukurasa wa kwanza.

---

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Shikamoo mama, na ahsante sana. La kupanga nyuma nalichukua mzimamzima, ni bora kuliko nilichokuwa nataka kusema mimi. Kuhusu mipango sina ugomvi nayo, ninachopinga ni kumlazimisha kila mtu aanze nayo.

Umenikumbusha jambo jingine, kwamba njia ya mtu hubadilika. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975 na Gamba la Nyoka 1979. Hizo ni riwaya nne ambazo ukizifungua unamkuta mtu, kijiji, mji, matukio yanayofuatana. Kisha 1990 ikaja Nagona, na 1991 Mzingile, na humo msuko wa kawaida ameuweka kando kabisa. Mandhari hayana jina la ramani, wakati hauendi mbele kwa utaratibu tuliouzoea, na msomaji anatembea na msimulizi bila kujua wanakwenda wapi. Kuna wasomaji hadi leo hawamsamehei na kuna wanaosema hapo ndipo alipofika. Mimi niko na hawa wa pili.

Lakini angalieni kilichotangulia. Nagona imeandikwa na mtu aliyekwisha kumaliza riwaya nne kwa njia nyingine. Alijua anachokiacha. Vijana wengi hapa wanataka kuanzia Nagona kwa sababu hadithi isiyo na msuko inaonekana rahisi. Ni ngumu kuliko zote, kwa sababu pale hakuna tukio la kumbeba msomaji, kila sentensi inabidi imbebe yenyewe. Kama hiyo ndiyo njia yako kweli, sawa, lakini jipime kwanza kwa kurasa 5 zenye mwisho.

---

MtuWaUvira

Bandugu, mimi niko Uvira, huku kwetu Kongo. Ninafwata huu uzi tangu asubuhi. Swali yangu ni ya lugha. Nikiandika Kiswahili ya kitabu, bahusika bangu banasema kama batu ba redio. Nikiandika vile tunasemaka nyumbani, batu ba Tanzania banasema sijui Kiswahili. Njia yangu ni gani hapo?

---

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Karibu sana ndugu yangu. Ulivyoandika swali lako ndivyo hasa mhusika wako anavyotakiwa kusema, nimekusikia mpaka sauti.

Maoni yangu: mazungumzo yaache kama yanavyosemwa Uvira, bila kuomba radhi na bila kuweka tafsiri pembeni. Msomaji wa Tanga atazoea ndani ya kurasa mbili, masikio yetu ni mepesi. Usimulizi una hiari mbili. Ukiandika kwa nafsi ya tatu unaweza kutumia Kiswahili cha vitabu, na tofauti kati ya msimulizi na wahusika itampa msomaji mahali pa kukanyaga. Ukiandika kwa nafsi ya kwanza, msimulizi ni mtu wa Uvira, basi asimulie kwa Kiswahili cha Uvira mwanzo hadi mwisho. Usichanganye hayo mawili ndani ya kichwa kimoja. Na soma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kabla hujatusomea sisi. Yeye ndiye mwenye haki ya kukuambia hapa hatusemi hivi.

---

MwanaWaLikoni

Naunga mkono. Kimvita changu nacho kilikuwa na aibu hiyohiyo. Nilipoacha kukisafisha, wahusika walianza kugombana wenyewe.

---

BintiWaMakorora

Kaka mleta uzi, mimi ni msomaji wa kimya, leo nimejipa moyo. Nina hadithi moja siwezi kuimaliza na siwezi kuiacha. Ni ya fundi cherehani wa makamo, anaitwa Rajabu. Analetewa gauni la harusi alipunguze. Anapofumua pindo anatambua ni mshono wake mwenyewe wa ujanani, gauni alilomshonea mchumba wake, ambaye baadaye aliozwa mtu mwingine. Aliyelileta ni binti wa yule mchumba, anataka kulivaa.

Mwanzo wangu ni huu:

"Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi. Jua lilikuwa likichomoza taratibu huku ndege wakiimba nyimbo nzuri za kuvutia. Mzee Rajabu aliamka, akaswaki, akanywa chai na maandazi, kisha akaelekea kwenye kibanda chake cha ushonaji kama ilivyokuwa kawaida yake ya kila siku."

Nimeuandika upya mara nyingi na kila mara unatoka hivyohivyo. Ndugu wa Likoni aliposema la jogoo na jua nimejiona.

---

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Dada, una hadithi nzuri mno. Kwa ruhusa yako tufanye nayo kazi hapa, na wengine waone zoezi lenyewe badala ya maneno matupu. Nitauandika mwanzo wako kwa pande tatu tofauti. Usiniambie upi ni mzuri. Niambie upi ungeweza kuuendeleza sasa hivi bila kuulizwa.

Kwa upande wa tukio:

"Uzi ulikuwa mwekundu. Gauni jeupe, na ndani ya pindo, mahali ambapo jicho la mgeni wa harusi halifiki, mshono wa uzi mwekundu. Rajabu aliweka wembe mezani. Fundi aliyekuwa akificha uzi mwekundu ndani ya nguo nyeupe Tanga nzima alikuwa mmoja, na jina lake lilikuwa juu ya mlango wa kibanda hiki."

Kwa upande wa mtu:

"Rajabu alikuwa hampimi mwanamke kwa tepu. Alimtazama mara moja, akaandika namba, na namba hazikukosea. Wateja walilipenda hilo, na waume zao hawakulipenda. Msichana aliyeingia na mfuko wa Rambo mkononi alimfanya, kwa mara ya kwanza tangu wateja wake wamjue, ashuke chini kuitafuta tepu."

Kwa upande wa sauti:

"Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Kazi yangu ilikuwa kutia makaa kwenye pasi na kunyamaza, kwa hiyo nilichokiona nimekiona vizuri. Mzee alilia. Alilia huku anaendesha cherehani, mguu haukusimama, na pindo likatoka limenyooka kama la siku zote. Binti aliyeleta gauni alikuwa amekaa kwenye benchi anachezea simu."

Mambo yanayofuata katika kila mmoja si yaleyale. Wa kwanza unadai siri ifunguke kidogokidogo, msomaji aulize kwa nini uzi mwekundu. Wa pili unadai tukae na Rajabu muda mrefu, tumjue mpaka tuelewe kwa nini hakuoa, kama hakuoa. Wa tatu unadai kijana wa pasi awe na maisha yake, la sivyo atakuwa dirisha tu la kuchungulia wengine. Mama mhariri atanisahihisha, lakini kwa maoni yangu hakuna hata mmoja unaohitaji Jumatatu wala maandazi.

---

MhaririMstaafu

Sina la kusahihisha. Naongeza tu kwamba wa pili ukichaguliwa, mwandishi achunge asimweleze mno Rajabu kabla hajamwacha atende. Na binti yangu wa Makorora, ule mwanzo wako usiufute. Uweke kando. Ulikuwa unajipasha moto, na huko mbele kuna siku Rajabu atahitaji kunywa hiyo chai.

---

Nyundo7

Mimi ningechukua wa kwanza bila kufikiri. Kichwani mwangu tayari najua nani mwingine aliyewahi kuuona ule uzi mwekundu. Hapa ndipo nimeelewa unachosema, mkuu.

---

MwanaWaLikoni

Nami wa tatu. Nimeshaanza kumsikia huyo kijana, ana kigugumizi kidogo.

---

BintiWaMakorora

Ahsanteni nyote, mama shikamoo. Nilidhani ningechukua wa kwanza kwa sababu nilipoisimulia hadithi yangu hapa niliisimulia kama fumbo. Lakini usiku nilikaa na simu nikaanza kuandika, na kilichotoka ni kijana wa pasi. Nimeandika mpaka watoto wameamka. Nikaangalia zile chache nilizowahi kuzimaliza, kumbe zote zina mtu anayesimulia habari za mwenzake: housigeli anayesimulia habari za bosi wake, mdogo anayesimulia habari za dada. Sikuwahi kuliona hilo.

Sasa nimekwama kwingine. Kijana ana miaka 16. Mapenzi ya mzee Rajabu na mchumba wake yalikuwa kabla hajazaliwa. Atayajuaje? Nimejaribu kumfanya mzee amsimulie, ikatoka hotuba ya kurasa tatu.

---

KalamuYaChumbageni (mleta uzi)

Hongera dada, hapo umeshajijua. Wewe hadithi zako hutazama kutoka kwa aliye pembeni, na huko kukwama ndiko gharama ya njia hiyo. Aliye pembeni hajui yote. Usimpe yote. Kila anachokijua akipate kwa mkono wake.

Rajabu usimfungue mdomo. Mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo hawezi kumwambia mtoto wa pasi. Angalia badala yake vitu vilivyomo kibandani, ambavyo kijana anavigusa kila siku. Kila fundi ana daftari la vipimo: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, tarehe ya kuchukua, kilicholipwa na kinachodaiwa. Rajabu ana madaftari ya zamani kwenye boksi chini ya meza ya kukatia, yameliwa na mende pembeni. Gauni linapunguzwa, basi kipimo cha asili kinahitajika, na mwenye gauni wa kwanza yupo humo. Mzee hataki kulishika daftari lile mwenyewe. Anamtuma kijana. Kijana anapekua kurasa zenye majina, zenye madeni, zenye tarehe, halafu anakuta ukurasa mmoja wenye vipimo vya gauni la harusi, na hakuna jina, hakuna tarehe ya kuchukua, na kwenye safu ya malipo hakuna kilichoandikwa.

Kijana wa miaka 16 aliyekaa kwa fundi anajua maana ya gauni la harusi lisilodaiwa pesa. Hahitaji kuambiwa. Na akihitaji zaidi, nje kuna muuza kahawa aliyekaa kona ileile tangu enzi hizo. Huyo anaweza kusema nusu sentensi akaacha, kwa kuwa mteja kafika.

Andika sehemu ya daftari kwanza, kabla hujarudi kugusa mwanzo. Kila ukimaliza sehemu, weka pembeni ile mistari ya mama mhariri: kijana amejua nini mpaka hapa, na amekijua kwa njia gani. Ukifika mwisho uanzishie uzi wake hapa jukwaani, ila sehemu ya 1 usiiweke mpaka ya mwisho iwe tayari kwenye simu yako. Na wewe Nyundo, ile sura ya mwisho tunaisubiri.